Tusiuze dengu zote tukabaki na wali mtupu

Kwa miaka mingi kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri wa mjini. Leo kinawapata hata wakulima wa mpunga na wachuuzi wa mchele, na ushauri wa kwanza wanaopewa mitaani ni kuacha wali. Kwa kaya ya Kahama, Kyela au Mbarali, ambayo ghala lake limejaa mpunga, ushauri huo hautekelezeki. Tena si wa lazima.

Wanga wa mchele mweupe humeng'enywa haraka, hivyo sukari hupanda kwa kasi katika damu. Kasi hiyo hutegemea sana wingi wa wali na kitoweo kinachoambatana nao. Maharage, kunde, choroko na dengu zina nyuzinyuzi na protini zinazochelewesha mmeng'enyo. Wataalamu wa lishe hushauri nusu ya sahani iwe mboga, robo wali, na robo iliyobaki mikunde, samaki au nyama.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wakulima wengi hupanda dengu majarubani baada ya mpunga, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Zikishavunwa, karibu zote huuzwa, na soko kubwa ni India. Desemba 2017 nchi hiyo iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu kutoka nje, na mwaka 2018 ikaupandisha zaidi. Mkulima asiyekula anachouza hana pa kukimbilia soko linapofungwa. Gunia linalobaki nyumbani halionekani kwenye daftari la mauzo, lakini kulikosa huonekana kwenye nauli za kliniki na siku za kazi zinazopotea.

Wenye mashine za kukoboa nao wana nafasi. Mchele ulioondolewa ganda tu, pumba laini ikabaki, hupandisha sukari taratibu kidogo kuliko mweupe. Kilo 100 za mpunga huweza kutoa takriban kilo 75 hadi 80 za mchele huo, wakati mweupe kwa kawaida hauzidi 70. Kasoro zake ni mbili: huchelewa kuiva, na hauhifadhiki muda mrefu kwa sababu mafuta ya pumba huharibika. Kwa hiyo ukobolewe kidogo kidogo, kwa wateja walioagiza. Nao wasijisahau: huo pia ni wali, kipimo kibaki robo ya sahani.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wali ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Maofisa ugani wanapohesabu magunia ya mpunga, waulize pia ni mikunde kiasi gani imebaki ghalani. Nawe ndugu mkulima, kabla lori la mnunuzi halijapakiwa msimu huu, tenga kwanza gunia la nyumbani.