Kapsuli za Soo Haziui Homa

Wasee wa Eastlands, leo siwabembelezi. Kuanzia Kayole mpaka Umoja, Kariobangi mpaka Dandora, mambo ni yale yale: mtu akipiga chafya asubuhi, jioni yuko kwa dirisha la kemisti. "Nipatie za homa za soo, zile kali." Anahesabiwa kapsuli kadhaa za amoksilini, anafungiwa kwa karatasi, haulizwi hata swali moja. Anaenda akijiona ameshapona.

Hiyo si tiba, ni biashara, na sisi ndio tunaifadhili.

Homa ya kawaida inaletwa na virusi, na kuna zaidi ya aina 200. Antibayotiki inaua bakteria. Virusi haivigusi hata kidogo. Na ile ya "makamasi yamekuwa kijani, lazima nimeze kitu" ni hadithi ya mtaa, rangi peke yake haithibitishi bakteria. Homa huisha yenyewe kwa siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuvuta mpaka wiki tatu. Ukimeza kapsuli siku ya nne na siku ya saba upate nafuu, unasifu kapsuli, na kazi yote imefanywa na mwili wako. Na wewe wa Dandora, moshi wa jaa pia unawasha koo. Hakuna kapsuli ya kuzima moshi.

Sasa kinachoniudhi zaidi: tukiwa busy kumeza dawa isiyohitajika, koo lenye bakteria kweli linapita bila kuangaliwa. Kuna bakteria inaitwa streptokokasi, inapenda sana watoto wa miaka 5 hadi 15. Koo linauma ghafla, joto linapanda, tezi za mbele ya shingo zinavimba, mafindofindo yanaweza kuwa na usaha, na mara nyingi hakuna kikohozi. Mtoto kama huyo anafaa kupimwa, na ikiwa ndiyo yenyewe, apewe antibayotiki, dozi kamili. Asipotibiwa, wiki mbili hadi nne baadaye kinga ya mwili wake inaweza kugeuka na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikirudiarudia, vali za moyo zinaharibika na hazirudi. Moyo wa mtoto, kwa sababu ya koo tuliloita "homa tu".

Najua mtaniambia, "Buda, uliacha kampasi, umekuwa daktari lini?" Sijawa. Lakini sheria ya Kenya haihitaji digrii yangu: antibayotiki ni dawa ya kuandikiwa, si ya kuomba dirishani kama njugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kwa hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi ndogo ndogo zitafundisha vijidudu kustahimili dawa. Mwaka 2019, bakteria sugu waliua watu takriban milioni 1.27 duniani. Mzee alisema, hatukuskia.

Kuna hoja moja ya haki: foleni ya hospitali inakula siku nzima, na siku bila kazi ni usiku bila unga. Nakubali. Ndio maana simlaumu mathe wa mboga. Namlaumu anayemuuzia nusu dozi bila kumuuliza kitu. Na serikali ya kaunti nayo iwajibike: kuna kipimo cha kupitisha usufi kooni, kinatoa jibu kwa dakika kama kumi. Tukidai, tudai kiwe kwa kila kliniki ya mtaa.

Ukiwa na homa, kunywa maji, pumzika, meza ya kutuliza maumivu. Mtoto akihema mbio, mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kumeza mate, usingoje kuche, peleka hospitali usiku huo huo. Na mwenye kemisti akianza kuhesabu kapsuli, muulize kabla hujatoa soo: umeangalia koo?