Mnaomcheka yule dogo wa tarumbeta, sikieni hii kwanza

Ile klipu ya harusi ya Kihonda najua mmeiona. Maharusi ndo wanaingia, dogo anapuliza tarumbeta, inatoka sauti ya ajabu mpaka bibi harusi anageuka. MC akadakia, "Huyu katumwa na mpenzi wa zamani!" Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka leo watu wanaiweka stetasi. Majina kapuni, la MC pia.

Mimi nilikuwepo, na nakataa kwamba dogo hajui kupiga. Siku ile tarumbeta yake ilikuwa kwa fundi, akaazima ya mshkaji. Kwa macho zinafanana, vitufe vitatu kila moja. Kumbe ya kwake ni ya B-flati, aliyoazima ni ya C.

Sasa sikia. Kwenye ya B-flati, ile noti mpigaji anayoiita C, kwenye kinanda ni B-flati. Iko chini kwa sauti moja nzima. Kwa hiyo mpiga kinanda akisema do ni F, mwenye B-flati anaianzia G ili wakutane. Dogo akafanya hivyohivyo, kama anavyofanya kila Jumamosi. Ila kwenye ya C, G ni G kweli. Wenzake wako F, yeye yuko G peke yake. Hapo hata ungekuwa fundi vipi, unaumbuka.

Na sio tarumbeta tu. Saksafoni ya tenori nayo ni ya B-flati, ya alto ni ya E-flati. Do hiyohiyo ya F, wa tenori anaishika G, wa alto anaishika D. Mji uliotoa Morogoro Jazz na Cuban Marimba tulitakiwa tuwe tunalijua hili jamani!

Wanaonikera ni viongozi wa vikundi. Dogo anapewa chombo kigeni anaambiwa "vidole ni vilevile, we puliza." Vidole ni vilevile kweli, na ndo tatizo lenyewe.

Halafu wengi wao wametokea kwaya. Kule leo do ni F, kesho do ni G, na hakuna anayelalamika, watu wanaimba tu. Akili ileile ihamishie kwenye tarumbeta. Kabla ya shughuli mwombe mpiga kinanda akugongee do, itafute kwa sikio kwenye chombo ulichoshika, panda ngazi mpaka juu, shuka. Nyumbani piga wimbo mmoja kwa zote mbili, uanze na ile usiyoizoea. Kuna watakaosema bila kusoma noti za mistari ni bure. Kwa anayetaka bendi ya polisi au jeshi sawa, asome. Ila harusini hupewi karatasi, unapewa do na sekunde tatu.

Toka ile klipu kikundi kimemweka benchi. Wiki ya tatu hii hajapata harusi hata moja, na harusi ndo kodi yake ya chumba.

Juzi nimemkuta njia ya kupanda Morningside, yuko peke yake na ileile ya C ya kuazima. Akanipigia wimbo uleule wa kuingiza maharusi. Ulitoka safi. Nilitaka kurekodi, akakataa.

MC, namba yake unayo.