Utungaji Hausilibwi

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, nafundisha Kiswahili darasa la saba, na kilichonisukuma kushika kalamu ni swali la mtoto mmoja. Niliandika ubaoni: "Siku nisiyoisahau." Akautazama ubao, akalitazama daftari, akanyoosha mkono: "Mwalimu, machaguo yako wapi?"

Sikumlaumu. Tangu Januari tulikuwa tukimlisha majaribio kila Jumamosi. Alishajua kwamba katika mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la saba, sehemu iitwayo utungaji humpa sentensi zilizovurugwa azipange kwa herufi A hadi D. Sentensi si zake, kisa si chake, na mwisho wa kisa umeshaamuliwa na mtunga mtihani. Kazi yake ni kusiliba, yaani kutia kivuli kwenye herufi ya jibu. Ni zoezi jema la kufuata mtiririko wa habari, lakini kuliita utungaji ni sawa na kumwita mpanga vyombo mpishi.

Sisemi mtihani ufutwe. Watahiniwa hupita milioni moja, na majibu ya kuchagua, yanayosilibwa kwenye fomu za OMR zilizoanza kutumika mwaka 2012, husahihishwa na mashine isiyojua mtoto wa nani. Mtoto wa Namtumbo kijijini hupimwa kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Masaki mjini. Asiyeiona haki iliyomo humo hajafundisha kijijini. Kosa ni letu sisi. Baraza la Mitihani hupima zaidi kinachopimika kwa mashine, nasi tukafundisha hicho tu, kwa hofu ya wastani wa shule kushuka na afisa elimu kuja juu. (Na kusahihisha insha themanini kunachosha, tuseme kweli.)

Yule mtoto nilimwambia: hakuna machaguo, andika. Alikaa nusu kipindi akitafuna penseli. Kisha akaandika mistari sita juu ya usiku wa mafuriko, walipouburura mtumbwi wa babu yake hadi mlangoni mwa msikiti, yeye akibeba kafi tu kwa kuwa ndilo aliloliweza. Tahajia ilimshinda. Kafi lile sijalisahau hadi leo.

Basi amkeni, ndugu zangu! Tengeni kipindi kimoja kila Ijumaa, mtoto aandike pasipo alama, nawe mwalimu uandike chini yake swali moja tu: "Halafu ikawaje?" Mzazi, kabla ya kuuliza mtoto amepata ngapi, muulize ameandika nini. Msingoje madaftari mapya. Mimi nilianza na ya mwaka jana, yaliyobaki na kurasa tupu nyuma.