Kukosoa si kutukana

Mwezi uliopita zilitufikia barua mbili zenye malalamiko ya aina moja. Ya kwanza ilitoka Iringa. Mwandishi wake, muumini wa kawaida, alieleza kwamba michango ya kuezekea msikiti wao ilianza kukusanywa tangu mfungo wa Ramadhani, na kwamba hadi siku aliyoandika, mapato na matumizi yalikuwa hayajasomwa mbele ya waumini. Akaomba yasomwe baada ya swala ya Ijumaa. Ya pili ilitoka Mbeya. Nayo ilihusu fedha, za kuchimbia kisima cha madrasa, ila kurasa zake mbili zilijaa fisi, wanafiki na kizazi cha wezi. Hata mama mzazi wa mweka hazina hakusalimika.

Tulipouliza yaliyojiri, tuliambiwa jambo la kutafakarisha. Nakala ya barua ya Mbeya ilikuwa imesomwa kwenye kamati, na kikao kizima kikaishia kujadili adabu ya kijana aliyeiandika. Hesabu hazikuguswa. Mweka hazina aliingia kikaoni akiwa mdaiwa, akatoka akiwa mdhulumiwa anayepewa pole. Yule wa Iringa hakuwaachia viongozi wake upenyo wa namna hiyo, kwani ombi la kusomewa hesabu halijibiwi kwa kununa.

Wengi wetu hudhani kwamba ukosoaji ni tusi lililopunguzwa makali. Sivyo. Ukosoaji waweza kuwa mchungu kuliko tusi, kwa kuwa unataja kitendo, unaleta ushahidi, kisha unangoja jibu. Tusi humwendea mtu mwenyewe, asili yake na umbile lake, na halina jibu ila tusi jingine au ngumi. Nabii Musa (a.s.) na nduguye Harun, kama tunavyosoma katika Surat Taha aya ya 44, waliamrishwa waseme na Firauni kwa upole. Upole ulikuwa katika kauli. Dai la kuwaachia Wana wa Israili halikulegezwa hata kidogo.

Aidha, tumezoea kuwaonya wadogo peke yao. Shutuma ya utovu wa adabu huteremka tu, haipandi. Mzee akimwita kijana mpumbavu mbele ya watu, tunasema ni malezi. Mkubwa akimfokea mkulima, tunasema ni usimamizi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna udhuru wa kusahau gharama ya mazoea hayo.

Mnamo tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alifika shambani kwa Saidi Mwamwindi huko Isimani. Mkoa ulikuwa katika harakati za kuanzisha vijiji vya ujamaa, na Isimani ilikuwa na wakulima binafsi waliolima mahindi kwa matrekta. Mwamwindi alikuwa mmoja wao. Palikuwa na hoja nzito ya kuzungumza baina ya watu wale wawili: ardhi ni ya nani, na mwenye kulima peke yake apewe nafasi gani katika nchi iliyochagua kulima kwa pamoja. Hoja hiyo haikupata nafasi. Kwa maelezo ya Mwamwindi mwenyewe mahakamani, mkuu wa mkoa alimtukana. Akachukua bunduki, akamwua, kisha akaupeleka mwili kituo cha polisi mjini Iringa na kujisalimisha. Mwaka 1972 Jaji Onyiuke alimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, akamhukumu kunyongwa.

Hatumtetei muuaji. Hakuna tusi lenye uzito wa roho ya mtu, na marehemu hakuwapo mahakamani kueleza upande wake. Linalotusikitisha ni kwamba miezi michache tu kabla ya siku ile, Februari 1971, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam walikishika kifungu hicho kwa mikono miwili, wakawashitaki nacho mameneja waliowadharau. Wao walikuwa wengi, tena chini ya paa moja. Mkulima aliye peke yake shambani hakuwa na kikao cha kukipeleka.

Tusi linalopanda, kwa upande mwingine, halikosi mahakama. Februari 2018, mahakama mjini Mbeya ilimfunga miezi mitano Joseph Mbilinyi, aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo, kwa maneno aliyoyatoa hadharani dhidi ya Rais John Magufuli. Julai 2024, kijana mchoraji wa Wilaya ya Rungwe alihukumiwa miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni 5, baada ya kuenea video aliyoonekana akichoma picha ya Rais Samia Suluhu Hassan huku akimtolea maneno makali. Wananchi wakachanga, faini ikalipwa. Kuchoma picha ya mtu na kumtukana si ukosoaji, na tunalisema hilo bila kumung'unya maneno. Lakini iwapo tusi la mnyonge litaitwa jinai na la mkubwa likaitwa ukali wa kazi, kijana atakayetazama hayo atajifunza kuogopa, wala hatajifunza adabu.

Nasi wenyewe tusijitoe. Wako vijana wetu ambao, wakirejea likizo kutoka masomoni, humwita mtu wa bid'a mwalimu aliyewafundisha alifu na bee, kabla hata ya kumuuliza dalili yake. Wako pia walimu wanaoulizwa dalili wakajibu kwa bakora ya ulimi.

Tukirudi kwenye zile barua, ya Iringa tumeichapa kama ilivyo. Ya Mbeya tuliipitia kwa kalamu nyekundu, tukafuta kila tusi, na mwishowe ikabaki sentensi moja tu, chini kabisa ya ukurasa wa pili: fedha za kisima ziko wapi? Tumeichapa sentensi hiyo peke yake, na kamati zote mbili tumezitengea nafasi ya kujibu katika toleo lijalo.