Tupime rezo mbele ya kununua ruta

Wandugu watumikaji, mushahara ukitoka tu, watoto wanaanza: "Papa, tuuzie ruta ya Wi-Fi ya nguvu, mupira kwa PlayStation unakwamakwama." Muuzaji naye anaonyesha ile ya antena sita. Wengi wetu tumeacha pale pesa ya mufuko wa unga, na mupira ungali unakwama.

Tuseme wazi: ruta haiponyeshi rezo mubaya. Muchezo wa intaneti hauombi mbio nyingi, unaomba jibu lirudi upesi. Jibu likipita milisekonde 100, mutoto atalalamika.

Basi tuunge kwanza kable kutoka ruta ya zamani mpaka kwa konsoli. Ikikwama hata na kable, mara nyingi kosa ni la rezo: tudai haki yetu kwa mwenye kutuuzia intaneti. Ikienda muzuri, kosa ni la Wi-Fi. Pale tuache kable palepale, ao tutafute ruta ya bei kidogo yenye 5 GHz, tuiweke karibu na konsoli, maana 5 GHz inachoka mbele ya ukuta.

Makuta yetu yanatoka chini ya udongo. Tusiyatupe kwa antena.