Kindle ya Korogwe na kidude cha Handeni: nani anasoma, nani anapamba?

Majina kapuni. Mmoja ni bodaboda wa Handeni, mwingine ni dada anayeuza vipodozi Korogwe, jirani na stendi. Ni mtu na binamu yake, na wote wawili ni wagonjwa wa riwaya. Ubishi wao ulianza kila mmoja alipopata mashine yake ya kusomea vitabu, na kwa sasa kila upande una mashabiki.

Dada ana Kindle Paperwhite, kaletewa na shangazi yake kutoka Muscat. Mshkaji kajichanga mwenyewe akaagiza Xteink X4, kidude cha inchi 4.3 kisichofika hata gramu 80, kina sumaku ya kukinatisha nyuma ya simu. Kilitoka kwa dola 69. Boox Palma, ile yenye umbo la simu na Android ndani yake, aliitazama tu akapita. Dola 280 kwa bodaboda ni tairi, mafuta na kodi ya chumba.

Wanaomuuliza kwa nini asisome kwenye simu kama watu wengine hawajui kijiwe. Simu ya bodaboda ndo ofisi. Asome simulizi kwenye jua la saa saba, mwanga wa kioo aupandishe mpaka mwisho, saa kumi chaji imekata na mteja wa Chanika kachukuliwa na mwenzake. Kioo cha wino wa kielektroniki jua likiwaka ndo kinasomeka vizuri, na chaji kinaila kwa kudonoa, pale tu ukurasa unapogeuka.

Kwa hiyo kununua alinunua kwa akili. Balaa likaja kwenye mapambo.

Akaondoa programu ya kiwandani, akaweka CrossPoint, ya bure, inayotengenezwa na watu wanaojitolea. Kuanzia hapo ni status tu: leo kidude kimelala kinaonyesha picha ya mama yake, kesho nembo ya Coastal Union, keshokutwa mwandiko mpya. Wiki mbili, riwaya iko sura ya pili! Dada akampiga kijembe: "Nyumba unaipaka rangi kila siku, kulala humo hujalala hata usiku mmoja."

Watu wamecheka sana, na kwenye hizo picha za mbwembwe wana haki. Ila dada naye anavimba bure. Kindle yake ikilala inaonyesha jalada la kitabu au picha za kampuni, basi. Zile zilizouzwa kwa bei ya punguzo zinaonyesha hadi matangazo. Kurasa zinageuka kwa kugusa kioo. Sasa mpe mtu aliyevaa glavu za pikipiki aguse hicho kioo uone. X4 ina vitufe, na mshkaji kavipanga upya kurasa zigeuke kwa kidole gumba cha kushoto. Rekebisho hilo moja linashinda nembo zote, na ndilo ambalo hajawahi kuliweka status.

Halafu kuna chakula chenyewe. Simulizi nyingi za Kibongo zinanunuliwa WhatsApp, unatuma hela kwa simu, unaletewa sehemu inayofuata. Ikija kama maandishi ya kawaida, vyote viwili vinasoma. Ikija PDF, X4 inagoma, mpaka aende steshenari wamgeuzie kwa Calibre kuwa EPUB. Kindle inaipokea, lakini herufi zinabaki kama sisimizi, na dada hilo hulisikii akilisema kwenye majigambo yake.

Pa kumshindia mshkaji kweli ni usiku. X4 haina taa.

Jumapili moja alikata kilomita 65 kwenda Korogwe kusalimia, akalala huko huko. Saa mbili umeme ukakatika. Binamu yake akaendelea kusoma, uso unang'aa. Yeye akanatua kidude mgongoni mwa simu, akawasha tochi ya simu ile ile aliyonunua kidude ili aitunzie chaji, akajifunika shuka. Sura ya pili ikaisha. Simu ikabaki asilimia nne, na alfajiri ana mteja.