Vijana wa Tunduma wapelekwe Ndolezi

Vijana wengi wa Tunduma wamekulia kati ya malori na vibanda vya biashara. Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka angani chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12, wanakisoma daftarini tu, ilhali kipo Ndolezi, mkoani mwao! Shule ziwapeleke. Mtoto akisimama mbele yake, maswali yatamtoka yenyewe.

Kisha wafike huku kwetu Ikinga, Ileje, waone udongo unavyosombwa kuelekea Mto Songwe mteremko ukilimwa bila makinga maji. Watu wazima nao waje, waione kahawa shambani. Wengi wanakunywa kahawa bila kujua inavyochumwa. Kujifunzia shambani si jambo geni: Mwalimu Nyerere alitaka mashamba ya shule yawe sehemu ya masomo tangu 1967. Sisi wakulima tuko tayari kuwapokea.

Mkulima, Ikinga